Mpango wa miaka 20 wa bustani na viwanja vya jiji: mwongozo kamili kwa sisi wa Uganda (mabembea yangoje kwanza)

Tangu miji yetu ipandishwe kuwa majiji mwaka 2020, Jinja, Mbale, Gulu, Arua, Mbarara na wenzao, kila nikikaa na watu wa kamati naulizwa swali lile lile, tufanyeje na sisi tupate bustani za maana. Na kila mara kuna mtu ameshachora. Mchoro uko tayari, katikati kuna maji yanaruka, pembeni mabembea, kibanda cha soda, ila ukiuliza hiyo ardhi taito (hati ya kumiliki) iko kwa jina la nani, watu wanaangaliana alafu mmoja anaanza kukohoa.

Nacheka lakini na mimi nilishapita hapo. Kuna mji mmoja, siutaji, tulichanga pesa na kina mama wa soko na vijana wa mtaa, tukaweka mabembea sita na slaidi mbili, tukapanda nyasi za pasipalamu tukazimwagilia kwa jerikeni kiangazi kizima, mheshimiwa akaja akakata utepe. Mwaka wa tatu tukaamka Jumatatu, mabati yamezunguka uwanja wote. Jamaa ana karatasi, sisi tuna picha za siku ya ufunguzi. Mabembea tuliyakuta yameegeshwa kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), mpaka leo sijui yaliishia wapi.

Kwa hiyo mwongozo huu utaona umelalia sana upande wa ardhi na pesa za kutunza, na mambo ya kuchora nimeyapitia haraka haraka. Ni makusudi.

Hatua ya 1: Jua mpango wako unaingia kwenye kitabu gani

Mpango wa bustani ukikaa peke yake ni kijitabu kizuri cha kuweka kabatini. Sheria ya mipango miji ya 2010 ilifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, maana yake jiji lazima liwe na mpango wake mkubwa wa matumizi ya ardhi, ile ramani yenye rangi inayosema hapa ni makazi, hapa viwanda, hapa ni wazi. Bustani zako zikiwa kwenye ramani ile zina kinga, mtu akija na ombi la kujenga gorofa, kamati ya mipango ina sababu ya kumkatalia. Zisipokuwepo, hata afisa akiwa mtu mwema hana cha kushika.

Kitabu cha pili ni mpango wa maendeleo wa miaka mitano wa jiji, unaofuata ule wa taifa. Wa sasa ni wa nne, umeanza Julai 2025 unaisha Juni 2030. Sasa miaka 20 yako ikate vipande vinne vya mitano mitano, kipande cha kwanza kiandike kwa undani kabisa, kazi kwa kazi, cha pili kwa wastani, viwili vya mwisho weka ardhi tu na nia. Usijifanye unajua rangi ya viti vya mwaka 2043.

Timu isiwe kubwa. Afisa mipango miji, injinia, wa mazingira, wa michezo, mtu wa hesabu (huyu msimsahau, wengi humwita siku ya mwisho alafu wanashangaa anapokataa), na nje ya ofisi mwalimu wa michezo, mwenyekiti wa LC1 mmoja wawili, mama wa soko, kijana, na mtu mwenye ulemavu ambaye anazunguka mji kila siku kwa kiti cha magurudumu. Watu kumi wanatosha, mkifika ishirini na tano mmeshakuwa harusi.

Hatua ya 2: Hesabu mlicho nacho, chote

Hapa watu huandika bustani mbili za katikati ya mji na stediamu basi. Hapana bwana. Andika kila eneo wazi ambalo watu wanapumzikia au kuchezea, liwe la jiji au la nani: viwanja vya shule za serikali, uwanja wa kanisa, wa msikiti, wa kambi ya polisi, ardhi ya reli, kingo za mto, ufukwe wa ziwa, zile boma graundi za zamani (viwanja vya ofisi za serikali), raundabauti zenye majani, makaburi ya zamani, hata chini ya mwembe ambapo wazee wanacheza ludo kila jioni. Usicheke, ule mwembe ndio sehemu ya burudani inayotumika kuliko zote kwenye mitaa mingi na hakuna mpango hata mmoja niliouona ukiutaja.

Kwa kila eneo andika: ukubwa, mwenyewe nani, hali yake, nani anatumia saa ngapi, maji yapo, choo kipo, taa zipo. Ukubwa unaweza kuzunguka na simu yenye GPS, kwa kuanzia inatosha, mpima ardhi atakuja baadaye. Ili upate picha kichwani, uwanja wa mpira wa kawaida ni mita 105 kwa 68, kama eka moja na robo tatu, ukiongeza nafasi ya pembeni unafika eka mbili na kitu. Netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25 tu. Yaani mahali pa kiwanja kimoja cha mpira unaingiza vya netiboli vingi tu, kumbuka hilo tukifika kwenye mahitaji.

Alafu kaa uwanjani. Siku moja ya kazi na Jumamosi moja, saa kumi na mbili asubuhi mpaka giza, na daftari. Nilifanya hivyo Jumamosi moja kwenye uwanja wa vumbi ambao ofisini ulikuwa umeandikwa "uwanja wa mpira" basi. Asubuhi walikuja wakimbiaji wanne na mzee mmoja wa mazoezi ya mgongo. Saa mbili kijana wa rolex (chapati na mayai) akasogeza jiko lake kwenye kona yenye kivuli, na kivuli chote cha uwanja kilikuwa hapo kwenye mti mmoja wa zambarau, kwa hiyo kila mtu aliyetaka kukaa alikaa kwenye moshi wake. Saa nne boda boda watatu wanaosha pikipiki golini. Saa sita hakuna mtu, jua. Saa kumi mpira ukaanza, wavulana zaidi ya thelathini, na pembeni kulikuwa na wasichana kumi na mmoja wamekuja na mpira wa netiboli, hakuna mlingoti hata mmoja, wakasimama wanapasiana wao kwa wao karibu na mfereji mpaka kiza kikawarudisha nyumbani. Hakuna taa. Hakuna choo, wavulana wanaenda nyuma ya ukuta, wasichana wanaondoka mapema. Ukurasa mmoja wa daftari ule ulinifundisha kuliko warsha ya siku tatu hotelini.

Hatua ya 3: Karatasi za ardhi (hapa ndo kazi yenyewe)

Chukua orodha yako nenda ofisi ya kanda ya wizara ya ardhi, majiji mengi makubwa inayo, fanya sachi (kuangalia kwenye rejista mwenyewe ni nani) ya kila kiwanja kimoja kimoja. Utakaa kwenye benchi sana, beba maji. Utakachokuta kitaingia kwenye mafungu haya.

Zile zenye taito kwa jina la jiji: shukuru Mungu, piga kopi, zifungie. Alafu bado tuma mpima ardhi afufue mawe ya mpaka, maana taito inasema eka tano na jirani ameshasogea na ukuta wake, uwanjani mnazo nne.

Zile ambazo kila mtu "anajua" ni za jiji lakini hazina taito: hizi ndo zinazoliwa. Ombi lake linapita bodi ya ardhi, na linachukua muda, kwa hiyo liwe jambo la mwaka wa kwanza kabisa wa mpango, kabla ya mti hata mmoja. Mkiwa na pesa ya kitu kimoja tu mwaka huo, iwe upimaji na taito. Najua kaunsela (diwani) hawezi kukata utepe mbele ya taito. Mpigeni picha ameishika.

Zile zilizokodishwa: soma lizi (mkataba wa kukodi) yote. Inaisha lini? Inasema ardhi itumike kwa nini? Ukikuta lizi ya "burudani" inayoisha mwaka 2031 na juu yake kuna baa na sehemu ya kuoshea magari, hiyo ni nafasi yako, weka tarehe kwenye mpango, andika barua miaka miwili kabla, usisubiri mwezi wa mwisho uje kukuta imeongezwa kimya kimya.

Zile za watu binafsi. Katiba yetu ina mifumo minne ya kumiliki ardhi, ya kimila, frihold (umiliki wa moja kwa moja), mailo (ya Buganda, iliyogawiwa enzi za ukoloni) na lizi, na kila mmoja una mazungumzo yake. Kwenye mailo unaweza kuwa na mwenye ardhi na mwenye kibanja (mpangaji anayeishi na kulima hapo) juu yake, wote wawili uongee nao. Kaskazini na West Nile ardhi ya kimila unaongea na ukoo, usiende kwa mzee mmoja ukadhani umemaliza. Na kifungu cha 26 cha katiba kiko wazi, serikali ikitaka ardhi ya mtu inalipa fidia ya haki kabla haijaingia. Ndo maana nasema nunueni mapema pembezoni, kule jiji linakoelekea, wakati bado ni mihogo. Jinja ilipopanuka ikachukua Mafubira, Bugembe na Budondo, mtu wa mipango aliyeamka mapema angeanzia Budondo.

Na swampu. Hizi nazipenda. Serikali inashikilia maziwa, mito na maeneo ya swampu kwa niaba ya wananchi, haziuzwi, na kanuni za mwaka 2000 zinaweka eneo la kinga ukingoni: mita 200 kwa maziwa makubwa kama Victoria, mita 100 kwa mito mikubwa, 30 kwa midogo. Watu wanaona hiyo ni marufuku tu, mi naona ni bustani ndefu ambayo jiji halihitaji kuinunua. Njia ya miguu, benchi, miti ya asili, sehemu ya kuangalia ndege, na mvua kubwa ikija maji yanapata pa kukaa badala ya kuingia majumbani. Ila usimwage zege, na ongea na NEMA (mamlaka ya mazingira) kabla hujachimba kitu.

Hata wakoloni hili la ardhi walilijua. Bustani ya mimea ya Entebbe ilitengwa 1898, na ipo mpaka leo. Mjerumani Ernst May alipopanga upanuzi wa Kampala upande wa Kololo na Naguru miaka ya 1940, aliacha mabonde yawe kijani na nyumba zikapanda mlimani. Ukipita Kitante hapo Kampala leo ukaona kijani kile cha gofu katikati ya magorofa, ni bonde. Shida ya mipango ile ilikuwa wengi wetu hatukuhesabiwa ndani yake, ila kutenga ardhi kwanza walitenga.

Hatua ya 4: Hesabu ya mahitaji

Usiogope, ni hesabu ya darasa la sita. Chukua idadi ya watu kwenye sensa ya 2024. Nchi nzima tulikuwa milioni 34.6 mwaka 2014 tukafika milioni 45.9, ukuaji wa asilimia 2.9 hivi kwa mwaka, na majiji mara nyingi yanakua haraka zaidi.

Tuseme jiji lako lina watu 300,000 na eka 60 za wazi ambazo umma unaingia bure. Hiyo ni eka 0.2 kwa kila watu elfu moja, ndogo sana. Kwa ukuaji wa asilimia 3, baada ya miaka 20 mtakuwa kama 540,000. Ili tu mbaki hapo hapo pabaya mlipo mnahitaji eka 108, yaani 48 mpya. Namba hii moja ikae ukurasa wa mbele, madiwani wanaielewa bila kuelezewa. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wao wanashauri asilimia 15 mpaka 20 ya ardhi ya mji iwe maeneo wazi ya umma, ukijilinganisha na hiyo unaweza kulia, mi naiweka kama shabaha ya mitaa mipya tu, huku kwenye mitaa ya zamani tunaokoa kilichobaki.

Hesabu ya pili ni ya miguu. Umoja wa Mataifa wanapima wangapi wanaishi ndani ya mita 400 kutoka eneo wazi, kama dakika tano za kutembea. Chora duara la mita 400 kwa kila eneo kwenye ramani, kusikofikiwa na duara ndo kwenye njaa. Lakini duara linadanganya. Mtoto wa Bugembe anaweza kuwa mita 200 kutoka uwanjani, katikati kuna barabara kuu ya Iganga na matrela yanatambaa kutoka Malaba mpakani usiku na mchana. Kipimo changu: mtoto wa miaka minane anaweza kufika peke yake bila mama yake kushika kichwa? Kama hawezi, futa duara upande ule.

Hatua ya 5: Uliza watu, lakini usiwaulize "mnataka nini"

Ukiuliza hivyo utaambiwa stediamu. Kila mtaa unataka stediamu. Stediamu ya Namboole tulipata 1997, mwaka 2025 imepokea CHAN (kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani), 2027 AFCON (kombe la mataifa ya Afrika) inakuja kwetu pamoja na Kenya na Tanzania, vizuri sana, lakini mtoto wa Walukuba kule Jinja hatembei mpaka Namboole kwenda kubembea.

Uliza badala yake: jana jioni ulikuwa wapi? Watoto wako wanachezea wapi? Ni wapi huwezi kupita saa moja usiku? Waulize wanawake peke yao na wasichana peke yao, maana kwenye mkutano wa wote vijana wa mpira wataongea mpaka jua lizame. Nenda sokoni, stendi ya boda, baada ya swala ya Ijumaa, baada ya misa. Ongea lugha ya pale. Kwenye mitaa yetu iliyochanganyika, ya wafanyakazi wa viwanda na kambi, Kiswahili kinafanya kazi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 6: Panga kwa ngazi, alafu panga nani kwanza

Ngazi tatu zinatosha. Kona za mtaa (robo eka, mti, benchi, bembea, mlingoti wa netiboli). Bustani au uwanja wa divisheni (sehemu ya jiji), eka 3 mpaka 10, una choo na maji na taa. Na moja au mbili za jiji lote. Pesa nyingi zikienda ngazi ya tatu, ambako ndo watu wa picha wanapapenda, mpango umeshaharibika.

Kupanga nani kwanza tumia alama: ardhi ina hatari ya kuchukuliwa, alama 5. Watu wengi bila kitu karibu, 4. Wasichana na walemavu watafaidika, 3. Kuna kikundi cha mtaa kiko tayari kusimamia, 3. Bandikeni alama ubaoni kabla ya kikao cha baraza. Siasa itaingia tu, kila kaunsela atataka kwake, ila akitaka kupanda juu ya orodha itabidi aseme mbele ya watu kwa nini.

Hatua ya 7: Pesa, na hasa ile ya kutunza

Kujenga hupatikana. Ya serikali kuu, ya miradi, ya kampuni inayotaka jina lake kwenye geti. Ya kufyeka majani mwaka wa sita ndo haipo.

Fanya hesabu hii kabla ya kukubali zawadi yoyote. Tuseme bustani ya eka tano: wafanyakazi wanne kwa laki tatu kwa mwezi, ni milioni 14.4 kwa mwaka. Askari wawili kwa laki tatu na nusu, milioni 8.4. Maji, umeme, rangi, kubadilisha minyororo ya bembea, milioni 10. Jumla 32.8 kwa mwaka, kwa miaka 20 ni milioni 656 kabla bei hazijapanda. Weka bei za kwenu utapata yako. Kama bajeti haiibebi, jenga ndogo. Eka moja iliyofyekwa inashinda eka tano za kichaka na kaveera (mifuko ya plastiki).

Mapato yapo: kibanda cha chai chenye tenda ya wazi, choo cha kulipia, kukodisha kona moja kwa harusi Jumamosi. Ila andika sheria kwamba sherehe isizidi sehemu fulani ya eneo wala siku fulani za mwezi, na geti lisilipishwe. Nimeona bustani za umma zinazogeuka ukumbi wa kwanjula (sherehe za kutambulisha mchumba), hema nyeupe kila wikiendi, watoto wanachungulia nje ya senyenge. Na pesa inayopatikana irudi hapo hapo, ikiingia kwenye mfuko mkubwa hamtaiona tena.

Tumieni vitu vya kudumu. Mabomba mazito yaliyochomelewa na fundi wa hapo mjini, ambaye likikatika anakuja kesho yake. Plastiki za rangi kutoka nje ni nzuri mwaka mmoja, jua letu linazipasua alafu spea iko ng'ambo. Miti pandeni Machi au Septemba mwishoni mvua ikianza, mvule kwa kivuli cha wajukuu, musizi na zambarau kwa kivuli cha karibu.

Hatua ya 8: Pitisha, ingiza kwenye bajeti, rudia

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Bajeti inapitishwa kabla ya Mei kuisha, lakini ukienda na mpango wako Mei umechelewa, vitu vinaamuliwa kwenye mikutano ya bajeti ya Oktoba na Novemba. Kwa hiyo rudi nyuma: Agosti na Septemba rasimu inazunguka kwenye divisheni, watu wanaisoma, mnarekebisha, Oktoba mnaingia nayo ikiwa na kazi tatu tu za mwaka ujao zenye bei na jina la anayehusika. Baraza likipitisha, dai azimio liwe limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao na mchukue kopi yenye muhuri.

Kila mwaka zungukeni maeneo yote siku moja, piga picha kutoka pale pale mlipopigia mwaka jana, angalia mawe ya mpaka. Kila miaka mitano fungueni hesabu ya watu upya. Marekebisho ya kwanza yaanze 2029, ili yaingie kwenye mpango wa jiji wa 2030.

Na ukienda ule mkutano wa Oktoba beba ramani mbili kubwa zilizopigwa laminesheni, moja yenye maduara na moja yenye taito zimepakwa kijani na zisizo na taito nyekundu. Hiyo ya pili iache ukutani pale ofisini kwa tauni klaki (mtendaji mkuu wa ofisi za jiji), mwambie kwa heshima tu kwamba utakuja kuichukua, alafu usiende kuichukua.